Michubuko ya Mama Mkwe

Wateja walimwita Polisi wa Vidonge, na jina lenyewe halikumkera. Alikuwa mfamasia mwenye ulimi mkali. Ukifika kwenye kaunta yake na cheti cha daktari, hupati kitu mpaka umwage mfuko wako wote mbele yake: vidonge vya mwaka juzi, mizizi ya kuchemsha, hata ulivyoazima kwa jirani. Kisha anakuuliza unakula nini na unakunywa nini. Watu walimficha mengi bila kukusudia, maana kwao dawa ni ile waliyoandikiwa hospitali. Nyingine zote ni vitu vya nyumbani. Siku moja alimnyang'anya mzee wa presha balungi lake, akalitupa kwenye pipa la taka, ndipo akamweleza kwamba halipatani na vidonge vyake.

Mkoba mmoja tu hakuthubutu kuugusa, wa mama mkwe wake. Bibi huyo aliishi naye, na kwa ajili ya moyo alimeza dawa ya kuzuia damu isigande. Mkamwana ampekue mkwe wake? Angeanzia wapi? Akawa anampa kidonge cha moyo kila asubuhi, mengine akayafumbia macho.

Shemeji yake, mpakiaji mizigo, aliingia dukani mchana kweupe, foleni imefika mlangoni. Hakusalimia. Alimkamata kola ya koti jeupe akamburuta juu ya kaunta, chupa zikapasuka sakafuni.

"Mama ana alama mwili mzima," alisema. "Unampiga mama yangu?"

"Sijamgusa, shemeji."

Ngumi ikampasua mdomo. Ya pili ikampata sikioni, akaanguka juu ya vigae vya chupa. Watu wa foleni, wale wale aliowagombeza kila siku, wakasogea nyuma wasichafuke. Mmoja alisema basi inatosha, lakini alisemea mlangoni. Teke likamkata pumzi.

Alama zile alikuwa ameziona. Mama alisema amejigonga kitandani, naye akaridhika, yeye ambaye hakuwahi kuridhika na jibu la mtu yeyote. Hasira ikampanda, zaidi juu yake mwenyewe. Teke lililofuata akalidaka, akaung'ang'ania mguu.

"Nani kampa mama dawa nyingine?"

"Dawa gani? Mimi nampelekea vidonge vya magoti tu."

"Vya maumivu?"

"Ndiyo. Hivyo si dawa, ni vya kutuliza."

"Vikikutana na ile dawa ya moyo vinamvujisha damu ndani kwa ndani," alisema, akatema jino. "Mama anakufa, shemeji. Niinue twende."

Nyumbani walimkuta mama sakafuni bafuni, kando yake matapishi meusi. Jitu lile lililovunja meno ya mtu likaanza kujigonga kichwa ukutani, likimwita mama. Mfamasia akamzaba kofi kwa nguvu zake zote.

"Mbebe," akasema. "Utalia baadaye."

Hospitali walimwongezea damu chupa baada ya chupa, mpaka akafumbua macho. Shemeji alikuwa nje kwenye benchi, haoni pa kuuficha uso. Mfamasia aliketi kando ya kitanda, mdomo umeshonwa na jicho moja limefumba.

"Nani kakufanya hivyo?" mama aliuliza.

"Mwanao. Alidhani nakupiga."

Bibi akavuta shuka.

"Najua," alisema. "Aliponiuliza nilinyamaza. Ningekutetea angeuliza alama zimetoka wapi, mwishowe ungevikuta vidonge ukanikataza. Nilikuwa nimeanza kupanda ngazi mwenyewe, mwanangu."

Mfamasia alisikia uchungu uliopita ule wa ngumi.

"Ipo nyingine?" mama mkwe akauliza. "Ya magoti, isiyogombana na ya moyo?"

"Ipo, mama," akajibu, na akatoka kwenda kumwomba daktari aiandike.