Ukoo wa Mama Ndio Wenye Mbalanga

Shangazi wa kijana aliyemposa binti yangu alitoka Turiani akaja nyumbani kwetu Mkuyuni, akala ndizi tu. Wali niliouhangaikia tangu alfajiri hakuugusa. Ndizi aliikubali kwa sababu aliimenya mwenyewe. Nina mabaka meupe mikononi na pembeni mwa mdomo. Hospitalini wanayaita vitiligo, sisi tunasema mbalanga, na mtu anayeogopa mkono wangu namjua kwa jinsi anavyoitazama sahani.

Hasira ilinipanda palepale, nikaimeza. Mgeni ni mgeni.

Alipomaliza akamwita kaka yangu barazani. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji wake. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia kila neno.

"Binti tunamtaka," alisema. "Ila huo ugonjwa umo kwenye ukoo wenu. Na kwenu mtoto si anafuata mama?"

Nikangoja kaka yangu anitetee. Alikuwa anajua vizuri. Alinisindikiza kwa daktari wa ngozi Morogoro Mjini, akakaa ubavuni mwangu akisikiliza. Daktari alisema mbalanga haiambukizi. Urithi upo, lakini ni vinasaba vingi vidogo vidogo, vya baba na vya mama pia, na hata ukiwa navyo si lazima mabaka yakutoke. Watoto wengi wa watu kama mimi hawayapati kabisa. Sisi ukoo na shamba tunarithi kwa mama, basi tukajidanganya kwamba na ngozi inapita njia hiyohiyo.

Kaka yangu akakohoa kidogo. "Msiwe na wasiwasi. Siku ya harusi huyu dada yangu atakaa ndani. Kwenye kiti cha mama tutamweka dada yetu mkubwa, wageni wenu wasishtuke."

Yule shangazi akakubali papo hapo! Kumbe damu yangu haikuwa na neno, mradi nisionekane.

Nikamgeukia mume wangu, aliyekuwa sebuleni na kikombe chake cha chai. Marehemu baba yake alikuwa na mabaka miguu yote miwili, akivaa soksi hata shambani. Nikamuuliza mbona hasemi habari za baba yake.

"Hawakuniuliza," akajibu, akanywa chai.

Hawakumuuliza! Miaka yote ya ndoa yetu lawama nimeibeba mimi na mama yangu na bibi yangu aliye kaburini, naye ananitazama tu kama jirani anayepita. Nilimwambia maneno nisiyoweza kuyaandika hapa, na siyajutii hata moja. Kisha nikaenda barazani nikamweleza yule shangazi, mbele ya kaka yangu, kwamba baba mkwe wangu naye alikuwa nayo.

"Huyo si amekufa?" akasema, akijifunga mtandio. "Nani atamwona?"

Jioni binti yangu akarudi kutoka kazini mjini. Alikuwa ameshapigiwa simu na mjomba wake. Akaketi mkekani karibu nami, akatoa tyubu ya fandesheni kwenye mkoba.

"Nyoosha mkono, mama. Nimetafuta rangi yako."

"Ya nini?"

"Nikikupaka, mjomba hatakuwa na la kusema. Utakaa kwenye kiti chako. Siku moja tu, mama, shikamoo."

Aliitamka hiyo shikamoo kama alivyokuwa akifanya utotoni akitaka kitu. Hasira juu ya kaka yangu na mume wangu naiweza, nina mahali pa kuitupa. Hii juu ya mwanangu sikuwa na pa kuitupa. Nikamnyooshea mkono, naye akaanza kupaka taratibu, kidole kwa kidole, mpaka mabaka yakapotea na mkono ukawa wa mtu mwingine.

"Na wewe," nikamuuliza, "siku yakikutoka?"

Akaminya tyubu tena, akaanza mkono wa pili.