Simu ya Kwanza kwa Kifungua Mimba

Baba alikichukia kile kisanduku kabla hata sijakimaliza. Nilimpigia kupitia simu ya jirani yake, nikamweleza kwamba namtengenezea kitu cha kuitia msaada, akaniuliza kama nimeona pembe kichwani mwake. "Mbuzi ndiyo hufungwa kengele," akasema, "ndiyo mwenyewe ajue ako wapi." Kisha akamrudishia jirani simu yake bila kuniaga.

Mimi ni fundi wa vitu vya umeme Sultan Hamud. Kibanda changu kiko nyuma ya maduka yanayotazama barabara ya Mombasa, na siku nzima malori yanatikisa meza yangu. Natengeneza redio, chaja za sola, taa za bodaboda, na ving'ora vya watu walioibiwa kuku mara moja na sasa hawaamini hata kivuli chao. Baba alikuwa akiishi milimani juu ya Tawa, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, na tangu Mama afariki aliishi peke yake. Kuhama alikataa. Mfanyakazi alimkataa. Simu ndogo niliyomnunulia ilikaa kabatini pamoja na sukari, kwa sababu macho hayaoni tarakimu na kidole gumba kinatetemeka, kinabonyeza mbili kwa mpigo. Alikuwa ameshaanguka kwenye matuta ya shamba, akalala hapo mpaka alipoinuliwa na watu waliokuwa wakipita kwenda sokoni. Niliogopa. Niliogopa kwamba siku moja ataanguka tena, na mimi nitapata habari wakati wa kuitwa matangani.

Kwa hiyo nikanunua modemu. Hilo ni jina kubwa kwa kitu kinachotoshea juu ya kidole gumba. Ni kibao chembamba chenye mahali pa kutia laini ya simu, na ukikipa amri kinapiga nambari chenyewe bila mtu kushika simu sikioni. Waliokitengeneza waliandika kwamba ni rahisi kukiunganisha na mtambo wowote. Waongo. Kikiwa kimya kinakula umeme kidogo tu, lakini kikianza kupiga simu kinauvuta kwa pupa, betri inayumba, na mtambo mzima unazima na kuwaka upya kama mtu aliyezabwa kofi. Nilibadilisha betri. Nilibadilisha waya, nikatia nene na fupi. Spika ilipokuwa karibu nacho ilinguruma, nikaihamishia upande wa pili wa kisanduku. Nilikitukana kwa Kikamba na Kiswahili, na pale kilipozidi, kwa Kiingereza. Mwishowe nililehemu kapasita nono ubavuni mwake kabisa ili itunze umeme wa akiba, kama mtu anavyoweka mtungi jikoni badala ya kukimbilia mtoni kila sufuria ikitaka maji. Simu ikatoka. Hata sikufurahi, nilikuwa nimeshachoka nacho.

Kilipokamilika kilikuwa na ukubwa wa pakiti ya majani chai, na mkanda wa kuvaa shingoni. Kilikuwa na kitufe kimoja kikubwa chekundu, spika, maikrofoni na taa. Ukibonyeza mara moja kinapiga nambari ya kwanza. Isipopokelewa, kinapiga ya pili. Ikipokelewa, taa inageuka kijani, na inabaki hivyo mpaka kitufe kiguswe tena.

Nilikipeleka Tawa siku za Pasaka kwa sababu kaka yangu naye alikuwa amekuja. Kaka ndiye kifungua mimba. Ni mhubiri huko Kitui, mtu wa semina na suti. Amepewa jina la babu yetu mzaa baba, na kwetu Ukambani hilo si jambo la cheti cha kuzaliwa tu. Baba humwita *nau*, yaani baba yangu. Mimi nina jina la nyanya, mama yake Baba, kwa hiyo nami nastahili kuitwa *mwaitu*, mama yangu. Baba huniita hivyo akiwa amefurahi. Siku nyingi naitwa wewe.

Tulikuwa tumekaa mezani, muthokoi ya mahindi na maharagwe imepakuliwa. Baba alikitazama kisanduku bila kukigusa.

"Inapigia nani kwanza?" akauliza.

"Inapigia mimi. Halafu kaka."

"Geuza."

"Baba, yeye ako Kitui. Mimi niko karibu, naeza fika haraka."

"Nimesema ugeuze. Kwa hii boma mtoto wa kwanza ndiye huambiwa kwanza. Ama hata nikikufa utaambiwa wewe?"

Nilimgeukia kaka nikitumaini kwamba atasema neno la akili. Alikuwa anapuliza chai. "Sister," akasema kwa upole ule unaonikera, "hii si maneno ya distance. Ni maneno ya order."

Nikageuza. Lakini kulikuwa na jambo lingine. Modemu haimjui mtu. Ikiona simu imepokelewa upande wa pili, imeridhika, awe aliyepokea ni mwenye simu au ni mtoto wake wa chekechea. Ndiyo maana nilikuwa nimeiwekea sharti kwamba anayepokea abonyeze moja. Asipobonyeza, mtambo unamhesabu kuwa hajapokea, unapiga nambari inayofuata. Nilieleza hayo polepole kama mwalimu.

"Nibonyeze moja?" kaka akacheka. "Kama mtu ananunua bundles? Niko kwa pulpit, ama niko kwa barabara, na mashine inaniambia press one?"

"Huwezi fanya *nau* apewe mtihani na mashine," Baba akasema.

"Si mtihani. Ni ya kuhakikisha kama kweli ni yeye."

"Toa hiyo kitu."

Nilitoa. Nilifungua laptopu kando ya sufuria, nikafuta kazi niliyoifanya kwa uangalifu kuliko yote, huku wanaume wawili wakila muthokoi na kunitazama. Niliacha mlango mmoja tu wa kutorokea. Nilimwekea Baba kidole chake juu ya kitufe. "Ukiona yeye hajakujibu vizuri, finya hapa na ushikilie. Usiachilie mpaka taa iwe nyekundu. Hiyo nyekundu ni mimi." Nikarudia.

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Miezi iliyofuata kisanduku kilinitia wazimu. Betri niliyohesabu kwamba itakaa wiki nzima ilikuwa inakwisha upesi ajabu. Salio la simu nalo liliyeyuka. Nilipanda Tawa, nikakifungua juu ya meza ile ile, nikapima kila waya, nisione kosa. Nilimuuliza Baba kama anakichezea.

"Nicheze na kitu ya plastiki? Mimi ni mtoto?" Akakivaa tena shingoni, akatoka kwenda kwa mbuzi wake. Nikailaumu modemu.

Alianguka asubuhi moja, jua likiwa tayari kali, akimfukuza mbuzi aliyeingia kwenye kunde. Nyonga ilivunjika. Alibonyeza kitufe, modemu ikapiga nambari ya kwanza kama ilivyoamriwa. Kule Kitui kaka alikuwa kwenye semina, simu yake imezimwa mfukoni, na badala yake ikajibu sauti aliyokuwa ameirekodi, ile sauti yake ya madhabahuni: "Bwana asifiwe sana. Kwa sasa niko katika kazi ya Bwana. Acha ujumbe wako, na Mungu akubariki." Modemu ikaona simu imepokelewa. Taa ikageuka kijani. Kwa upande wake kazi ilikuwa imekwisha.

Jirani, mama mmoja anayekata nyasi za ng'ombe upande ule, alimkuta alasiri. Alikuwa amelala ubavu, midomo imepasuka, uso ameufunika kwa kofia, na taa ya kijani ikiwaka kifuani. Alipotaka kwenda kuita watu Baba alimkataza, eti mtoto wake anakuja. Huyo mama namshukuru hadi leo kwa kutomtii. Alisogea kando akanipigia. "Mzee wenu ako chini huku," akaniambia, "anasema kuna mtu anakuja, na mimi sioni mtu akikuja."

Kaka alifika hospitalini kesho yake na maji ya matunda na maombi marefu. Baada ya amina alinivuta koridoni.

"Sister, si unaona sasa? Hizi mashine za kuunga-unga. Ilifail."

"Ilipiga. Ilipiga kwako na ikashikwa."

"Haikushikwa. Hiyo ni voicemail."

"Ambia modemu hivyo. Ile ya kubonyeza moja ilitolewa na nani?"

Akatazama saa yake.

"Na ujumbe wake umesikiza?" nikamuuliza. "Lazima alikuachia ujumbe."

"Hizo message huwa mingi, sister. Nitazipitia." Kisha akaweka mkono begani mwangu. "Tusianze kulaumiana. Shetani anataka kutugawanya."

"Shetani hana nambari kwa hiyo box," nikamwambia. "Ziko mbili pekee."

Nilimchukia kaka yangu pale koridoni, na sijamaliza kumchukia. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kuhusu mkuu asiyesikia la mtoto hawakusema kitu, na hospitalini nilikuwa na wakati mwingi wa kulifikiria hilo.

Baba alipotolewa hakukuwa na mjadala tena. Nilimleta kwangu, chumba cha nyuma ya kibanda, tumetenganishwa na ukuta wa mabati. Alichukia kila kitu. Malori yalimnyima usingizi. Maji ya huku yana chumvi. Ugali wangu ulikuwa mbichi siku ya Jumatatu na umeungua Jumanne. Daktari alikuwa mtoto. Magongo yalikuwa marefu, nikayakata, yakawa mafupi. Mimi nami nilijibu kila neno, kwa hiyo wateja walijifunza kusubiri nje mpaka tumalize. Kitu pekee alichokiomba kutoka Tawa hakikuwa Biblia yake wala koti.

"Kisanduku changu kiko wapi?"

Nikamletea. Nilidhani ni woga wa kuanguka tena, na nikasema moyoni, angalau amejifunza.

Alasiri moja hakukuwa na lori kwa muda, na nilikuwa nimeinamia redio ya mtu nikilehemu, nikasikia kupitia mabati: "Bwana asifiwe sana. Kwa sasa niko katika kazi ya Bwana." Nikaacha kila kitu. "Acha ujumbe wako, na Mungu akubariki."

"Amina," Baba akasema.

Hakuacha ujumbe. Alikaa kidogo, akabonyeza tena. Sauti ikaja tena, na amina yake ikaifuata pale pale inapotakiwa, bila kuchelewa, kama ya mtu aliyekwisha kuizoea ibada. Nikakumbuka betri. Nikakumbuka salio, na vile nilivyopima waya moja moja nikitafuta kosa. Niliingia chumbani na pasi ya kulehemu bado iko mkononi, moto.

"Baba, huyo si yeye. Hiyo ni rekodi."

"Najua ni rekodi. Unafikiri mimi ni mjinga? Kila siku anasema maneno ile ile."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu uilete."

"Hata ile siku ulianguka?"

"Hata hiyo siku."

"Na ya kushikilia mpaka nyekundu, ulikuwa umesahau?"

"Sikusahau."

Nilitaka kumnyang'anya kile kisanduku nikipondeponde kwa nyundo mbele yake. Nilikuwa nimehangaika na modemu ile mpaka ikatii. Nilikuwa nimemwachia njia moja ya kunifikia, na kidole chake kilikuwa juu yake asubuhi yote, nacho hakikufinya.

"Basi mbona ukalala kwa jua kama gunia?" Sauti yangu ilipanda, na sikuishusha. "Karibu ukufe! Ukingojea nini?"

Hakunipigia kelele. Hilo lilinishtua kuliko kelele. Alikuwa anatazama ukuta wa mabati.

"Nilikuwa nampatia nafasi," akasema. "Ningekuita, ungekuja, halafu yeye aseme si wewe ulifika, yeye afanye nini tena. Nilimwambia kwa hiyo simu nimeanguka. Nikasema wacha nione kama atasikia, akuje."

"Na mimi?"

Alikivua kisanduku shingoni polepole, mkanda ukikwama kwenye sikio, akanipa.

"Wewe ungekuja tu, *mwaitu*," akasema. "Hiyo si kitu ya kujaribu."

Taa ya kisanduku ilikuwa imeanza kufifia kwa kazi ya siku nzima, nikakipeleka kwenye meza yangu, nikakiweka kwenye chaja.