Pazia la Khemaisi

Khemaisi alianza kuchana kofia za sufu kwa mbigili, lile ua kavu la miiba linaloinua nyuzi za sufu, kabla hajaota ndevu, na sasa katika soko la kofia nyekundu la Tunisi hakubaki fundi wa rika lake ila Tijani wa duka la pili. Zamani soko lile lilikuwa na mkuu wa mafundi, na mkuu alimjua kila mtu wake. Fundi akianza kuongea mbiombio, akicheka ovyo, akitaka kugawia wapita njia mali ya duka, mkuu hakuuliza jina la ugonjwa. Alimketisha nyuma, akampa kofia mbichi na kichwa cha mbigili, akamwambia: "Chana. Polepole, upande mmoja." Mtu alichana hadi moto ukapoa. Leo mkuu hayupo, na maduka yanauzia watalii sumaku za kubandika kwenye friji.

Basi Khemaisi, mwenye moto huo huo, alijijengea boma lake mwenyewe. Daktari aliupa ugonjwa wake jina, baipola, akampa vidonge vya lithiamu. Mengine alijifunza kwa kuumia. Alilala saa ile ile hata kama kwa jirani kuna harusi. Kahawa ilikuwa moja, ya asubuhi. Ufunguo wa duka aliuvaa shingoni mkewe, Mannubia, kwa sababu mwaka mmoja, alipopandwa na moto, aligawa bure kofia zote za msimu. Na siku za giza, asipotaka kunyanyuka kitandani, Mannubia alimvua blanketi, akamnawisha uso, akamtembeza hadi dukani, azungumze asizungumze. Yalikuwa maisha mazuri na yalikuwa kifungo, yote mawili. Alichotaka ni kimoja tu: asirudishwe kule hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kilimani, kwenye madirisha ya nondo.

Kisha Ramadhani ikaangukia wakati wa joto. Daktari alimwambia bila kupindapinda: "Mzee, wewe usifunge. Maji yakipungua mwilini, dawa hii inageuka sumu. Kunywa mchana kutwa." Imamu naye alisema mgonjwa ana ruhusa. Lakini ruhusa ni ya msikitini. Sokoni kuna macho. Akawa ananywa nyuma ya magunia ya sufu, amechuchumaa kama mwizi.

Siku moja Tijani akaingia kuazima mkasi, akamkuta na bilauri mdomoni.

"Alaa! Sheikh Khemaisi! Kumbe sisi tunakauka koo, wenzetu wana kisima?"

"Ni dawa, Tijani."

"Dawa ya nini, na mwili kama ngamia? Mimi nina sukari na nimefunga."

"Ndugu yangu, fanya kama hukuona."

"Mimi sikuona kitu. Ila hawa vijana wenye simu, sijui." Akatoka akicheka, hata mkasi akausahau.

Zamani wenzako walikusitiri. Siku hizi wanakupiga picha.

Usiku Khemaisi alimsimulia Mannubia maneno ya Tijani, na kesho yake, bila kumwambia, akafunga. Akafunga na siku zilizofuata, huku vidonge akivimeza usiku kama alivyoandikiwa, akidhani amewaridhisha wote wawili, daktari na soko. Mikono ikaanza kutetemeka. Mbigili ukamponyoka, ukatoboa tundu utosini mwa kofia ya mteja mzee, mmoja wa wachache wanaozivaa bado.

Jioni hiyo, baada ya adhana, kijiko cha chorba, supu ya kufuturia, kilimwagika kabla hakijafika mdomoni.

"Khemaisi, mchana umekunywa maji?" Mannubia akauliza.

"Nimekunywa."

"Ya wapi? Mtungi niliokujazia dukani umejaa vilevile."

Akainamia bakuli.

"Unauogopa mdomo wa Tijani kuliko kilimani?"

"Wewe hukai pale, Mannubia. Hujui."

Akataka kusimama, miguu ikamkataa, akatapika palepale kwenye mkeka.

Hospitali ya mjini walimtia maji ya mshipani siku kadhaa. Daktari alisimama miguuni pa kitanda. "Mara nyingine figo zitakufa, mzee. Na nikikuachisha dawa hii, unajua mwenyewe utakapolazwa." Khemaisi alijua.

Siku ya kurudi kazini, Mannubia alifungua kasha akatoa sefsari ya marehemu mama yake, lile shuka jeupe la hariri ambalo wanawake wa mji walijitanda wakitoka nje. Sasa ni vazi la mabibi harusi kupigia picha. Akalitundika mlangoni mwa duka, mumewe ndani, yeye nje juu ya kigoda.

Tijani hakukawia. "Shemeji, mmemfungia nani humo?"

"Mume wangu."

"Anafanya nini?"

"Anakunywa maji. Nenda kawatangazie hao wenye simu. Na ulimi wako nao uufungishe, shemeji, tumbo peke yake halitoshi."

Tijani akakohoa, akaangalia huku na huku. "Mimi nilikuja kuazima mkasi tu."

Shuka likainuka kidogo chini. Mkono wa Khemaisi ukatokea, umeshika mkasi. Tijani aliuangalia ule mkono kwa muda kabla ya kupokea. Haukutetemeka.

"Urudishe," sauti ikasema ndani.

Mkono ukarudi. Soko lote sasa lilikuwa kwake vivuli vya miguu chini ya hariri, vikija, vikisimama, vikipita. Joto lilijaa humo kama tanuri. Khemaisi alimimina bilauri nyingine ingawa hakuwa na kiu, akainywa yote, akachukua kofia mbichi, akaanza kuchana, polepole, upande mmoja.