Mama Nice na Kanda ya Lori na Mkonge

Romanus alipopunguzwa kazi kiwandani, wengi wetu pale Elerai tulidhani atarudi Kibosho, kwenye kihamba, shamba la migomba la baba yake. Wengi waliopunguzwa mwaka ule walirudi makwao. Yeye alichukua mafao yake, akapanda gari hadi Nairobi, akarudi na televisheni, deki na begi la kanda za video. Mkewe, Hedwiga, alizitazama zile mashine mbili zilivyowekwa juu ya meza ya kulia, akauliza, "Sasa na ugali tutautazama humo humo?"

 Kesho yake Romanus alianza kujenga banda la mabanzi kando ya nyumba. Aliezeka bati kuukuu, akapanga mabenchi, akaziba nyufa kwa magunia ili watu wasichungulie bure. Huo ulikuwa mwaka 1992. Huku Bara hatukuwa na kituo cha televisheni, kwa hiyo mwenye deki alikuwa na mtaa mzima mkononi.

Picha za karate zilipendwa, za Kihindi zilipendwa na akina mama, lakini kilichojaza banda ni mieleka. Romanus alikuwa na kanda kama nne za mieleka ya Wazungu, za mwaka mmoja au miwili nyuma. Mtangazaji wa ndani ya kanda alipiga kelele Kiingereza cha puani ambacho hakuna aliyekielewa, basi wapiganaji tuliwapa majina wenyewe. Pambano lililopendwa kuliko yote lilikuwa la jitu moja la kaptula ya kijani, tuliloliita Lori, na mtu mwembamba mwenye nywele ndefu, tuliyemwita Mkonge. Lori alikuwa na mtindo wake: anambeba mwenzake hadi juu ya bega, anazunguka naye ulingoni, kisha anamtupa chini kwa mgongo. Sisi tuliuita kupiga gunia. Mkonge alipigwa gunia, akapigwa tena, mwamuzi akahesabu, na kila mara aliinua bega kabla hesabu haijaisha. Mwisho alipanda juu ya nguzo ya kona, akaruka, akamlalia Lori, akashinda. Watu walitoka nje wamejaa jasho kana kwamba wao ndio walioruka.

Hedwiga, ambaye mtaani tulimwita Mama Nice kwa jina la binti yake wa kwanza, alikaa mlangoni. Mwanzoni hakutazama. Alikuwa anafuma vitambaa vya makochi na kuwaambia wavuta sigara watoke nje. Lakini mtu akikaa na kitu kila siku, kinamwingia. Hakuna aliyejua kwamba kimemwingia mpaka Jumamosi moja, wakati wa ule mgao wa umeme, Lori alipokuwa amembeba Mkonge begani na banda zima likiwa limesimama. Umeme ukakatika.

Kelele zilizuka. Romanus alikuwa ameenda kuchukua soda. Vijana wakaanza kudai kiingilio chao, mmoja akapiga teke benchi.

"Kaeni chini!" Mama Nice akasema kutoka mlangoni. "Mnadhani Lori naye ameenda kulala? Amembeba bado. Anazunguka naye. Anawaangalia watu wa upande wa kushoto, anawauliza, nimtupe? Wanasema mtupe!"

Banda likanyamaza. Mama Nice akaweka uzi chini, akasimama mbele ya televisheni iliyozimika, akalisimulia pambano lote hadi mwisho. Aliongeza na yake. Alisema Mkonge ana mama mgonjwa ambaye Lori alimtukana hadharani. Alisema Lori alikuwa rafiki yake tangu utotoni, akambadilikia baada ya kupata pesa. Mkonge aliporuka kutoka kwenye nguzo, watu walishangilia gizani mpaka Romanus akaja mbio na kreti la soda, akidhani kuna moto.

Tangu siku ile hata umeme ukiwepo walitaka sauti ya televisheni ipunguzwe na Mama Nice asimulie. Watu walitoka Sakina na Kaloleni kumsikiliza. Lekishon, mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi, mtu mzima asiyecheka ovyo, alikuja kila alipotoka zamu na kukaa benchi la mbele na shuka lake. Mama Nice mwenyewe alikuwa anaongea kwa aibu kanisani, lakini ndani ya lile banda alikuwa mtu mwingine. Romanus alitusimulia kwamba siku moja alimkuta jikoni anamsimulia mbuzi.

Mwaka uliofuata ndipo Najim alipovunjika.

Najim alikuwa kijana wa kama miaka kumi na tisa, fundi cherehani, mtoto wa mama mmoja wa Kondoa anayeitwa Ummy. Baba yake aliendesha lori la mizigo na mara nyingi hakuwepo. Rafiki yake mkubwa alikuwa Derick, aliyepakia mbao kwenye karakana ya fenicha. Nyuma ya karakana kulikuwa na lundo la maranda, na jioni vijana walienda pale kucheza mieleka. Derick alikuwa na mwili, kwa hiyo alikuwa Lori. Siku hiyo alimbeba Najim begani, akazunguka naye huku wenzao wakiimba jina la Lori, akampiga gunia. Maranda yalikuwa yamepungua. Chini yake kulikuwa na gogo.

Mtulinga wa Najim, ule mfupa wa mbele ya bega, ulivunjika, na vidole vya mkono wa kulia vikafa ganzi. Alipelekwa hospitali kwa mkokoteni. Derick aliusukuma mkokoteni yeye mwenyewe, akamfikisha, akamsubiri mpaka akapokelewa. Alipomwona Ummy anaingia getini akatoroka.

Mjumbe wa nyumba kumi aliagiza banda lifungwe mpaka jambo lizungumzwe. Mtaani maneno yalikuwa mengi. Wapo waliosema kosa ni la vijana, wapo waliosema ni la Romanus na kanda zake. Wachache walisema kosa ni la Mama Nice, kwa sababu kanda peke yake isingewatia wazimu. Aliyewatia wazimu ni yule anayesimulia. Maneno hayo yalimfikia. Hakwenda sokoni siku kadhaa.

Asubuhi moja Ummy alibisha hodi.

"Karibu, Mama Najim," Mama Nice alisema. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea. Vidole viwili vimeanza kusikia." Ummy hakukaa. "Sikuja kugombana. Mimi sijawahi kuingia kwenye banda lenu. Nataka nione hicho kilichomvunja mwanangu."

"Mama Najim, utaumia bure."

"Nimeshaumia. Washa."

Wakaingia wawili tu. Mama Nice aliweka kanda, akaipeleka mbele hadi pambano la Lori na Mkonge, akakaa pembeni. Tangu aanze kusimulia, ilikuwa mara yake ya kwanza kulitazama bila kulisimulia. Lori alipombeba Mkonge, Ummy alijifunika mdomo kwa mtandio. Alipomtupa, alifumba macho. Kisha akayafumbua.

"Rudisha."

Mama Nice akarudisha.

"Tena," Ummy akasema, akavuta benchi karibu. "Huyu mkubwa, mkono wake wa kushoto uko wapi?"

Mama Nice hakujua. Akarudisha, akasimamisha picha. Ilitetemeka, mistari ikapita katikati, lakini mkono ulionekana. Ulikuwa nyuma ya shingo ya Mkonge, vidole vimetanuliwa, umemshika kichwa vile mtu anavyomshika mtoto mchanga anapomlaza. Wakaisogeza kidogo. Lori alitangulia kugusa chini kwa goti lake mwenyewe. Mkonge alikuwa amebana kidevu kifuani, na mikono yake yote miwili ilipiga sakafu kabla ya mgongo kufika. Ule mshindo uliokuwa unatupandisha kwenye mabenchi ulikuwa wa mikono.

"Hawa hawapigani, Mama Nice," Ummy akasema polepole. "Hawa wanasaidiana."

Mama Nice alituambia baadaye kwamba kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa hasira. Alijiona kama mtu aliyetangaza msiba wa uongo. Mangapi aliyokuwa ameyasema kuhusu mama mgonjwa na urafiki uliovunjika, na kumbe watu wale pengine walikunywa chai pamoja baada ya pale! Lakini walirudisha mapambano mengine, moja baada ya jingine, na kila mahali waliona mkono umewekwa pale unapotakiwa. Hasira ikaisha. Badala yake alitaka kuona zaidi. Walikaa humo mpaka Nice akaja kuuliza kama leo hakuna chakula.

Walipotoka, Ummy alisema, "Derick hakuuona huo mkono."

"Hakuna aliyeuona. Na mimi nilikuwa nasema."

"Yuko wapi yule mtoto?"

Derick alikuwa Olmotonyi, kwa mjomba wake anayefanya kazi kwenye vitalu vya miche. Wale wanawake wawili walikwenda siku ya pili. Walishuka barabara kuu, wakapanda kwa miguu kati ya misonobari, wakamkuta kijana amechuchumaa anang'oa magugu. Alipowaona alisimama, akatazama kushoto na kulia, ila hakukimbia.

"Shikamoo mama," alimwambia Ummy, akiangalia chini.

"Marahaba. Umekonda."

"Polisi wako wapi?"

"Polisi wa nini? Najim anauliza kwa nini hujaenda kumwona. Anasema umemtoroka."

Derick akajipangusa uso kwa kiwiko maana mikono ilikuwa na udongo. "Nilitaka tu wapige kelele," alisema. "Wale waliokuwa wanatazama. Nilisikia wanapiga kelele, nikamwachia."

"Basi njoo umwambie mwenyewe," Ummy akasema. "Mimi usiniambie."

Alirudi nao siku hiyo hiyo. Yaliyosemwa kati yake na Najim hatukuyasikia, ila tulimwona kila jioni akienda kwa akina Ummy, na kwa miezi mingi yeye ndiye aliyechota maji ya nyumba ile.

Mjumbe aliporuhusu banda lifunguliwe, Mama Nice aliwaalika vijana wote bila kiingilio. Romanus alipojua anachotaka kufanya alimvuta pembeni. "Mama Nice, ukiwaonyesha hayo tumekwisha. Nani atalipa kuangalia watu wanaosaidiana?"

"Najim ana mkono mmoja mzima, Baba Nice," alimjibu, akaingia.

Aliwaonyesha. Alisimamisha picha, akaweka kidole juu ya kioo: mkono huu hapa, goti hili hapa, kidevu hiki hapa. Vijana walianza kwa kuguna, wakaishia kusukumana wasogee mbele waone. Derick alikaa nyuma kabisa. Wengine walitoka wakisema wametapeliwa.  Mwisho Lekishon alisimama, akajifunga shuka lake.

"Mama Nice, mimi ungeniacha tu," alisema. "Nilijua kuna mtu mmoja mdogo amewahi kumshinda mkubwa."

 Lile neno lilimkaa Mama Nice kuliko yote ya mtaani, na siku zile Lekishon alipopita kwenda zamu bila kugeuza shingo, alikuwa anaacha alichokuwa anafanya na kumtazama mpaka apotee.

Biashara ilipungua, kama Romanus alivyosema, ila haikufa. Waliobaki walianza kutazama kwa namna nyingine. Walishangilia mkono uliowekwa vizuri kama wengine wanavyoshangilia pasi. Mama Nice aliendelea kusimulia, lakini habari za mama mgonjwa aliziacha. Alisimulia alichokiona: huyu anamnong'oneza mwenzake, sasa tayari, sasa anaruka. Kwa maoni yangu alikuwa msimulizi bora zaidi wakati ule, ingawa wapo watakaonibishia.

Lekishon alirudi msimu wa mvua za vuli. Alikung'uta viatu, akakaa mahali pake pa zamani.

"Weka ya Lori na Mkonge," alisema. "Lakini usiisimamishe."

Mama Nice aliiweka, na siku hiyo hakusimulia kabisa. Lekishon alitazama ameegemea fimbo yake, na Mkonge aliporuka kutoka kwenye nguzo, yule mzee alipiga goti lake kofi moja kubwa.

Baadaye vituo vya televisheni vilianza, nyumba moja baada ya nyingine ikainua antena, na kufikia mwaka wa uchaguzi wa pili wa vyama vingi banda lilikuwa na wateja wa mpira tu. Romanus aliiuza deki kwa mtu wa Akheri na kuingia kwenye biashara ya viatu vya mitumba, ambayo ilimfaa zaidi kuliko alivyotarajia. Mkono wa Najim ulipona, ila kidole kidogo hakikurudi. Alijifunza kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto. Ndiye aliyelichukua lile banda. Alitoa magunia, akatoboa madirisha mawili, akaingiza vyerehani vitatu.

Ukipita pale leo utamkuta Ummy anapiga pasi na Mama Nice anashona vifungo, kwa kuwa kufuma kumemchosha macho. Wanabishana juu ya bei za uzi. Derick alijenga kabati la nguo mle ndani, la mninga mtupu, na mlango wake ukawa unafunga vibaya. Kila mvua ikinyesha Ummy humtumia ujumbe aje aurekebishe, naye huja.