Vidonge Vyekundu na Ukwaju

Juzi mfamasia alimwonya mjukuu wangu asivunje vidonge vya erithromaisini wala asivichanganye na kitu kichachu, kwa sababu ganda lake ndilo linaloikinga dawa isiharibiwe na asidi ya tumbo. Nilikaa chini palepale.

Kule kijijini Njinjo, wazazi wetu walipokufa, niliacha shule nimlee mdogo wangu Salumu. Akashikwa na kichomi. Sindano ya penisilini ilimvimbisha uso, ndipo dresa wa zahanati akanipa vidonge vyekundu vya dawa hiyohiyo. "Asitafune," aliniambia.

Alasiri ile kifua chake kilikoroma, na chumba kilinuka jasho la homa. Alitema kidonge.

"Dada, kikubwa! Unataka nikabwe?"

Nilikiosha ile rangi nikidhani ni urembo tu, nikakitwanga kwenye kinu cha pilipili ili asihitaji kutafuna, nikakikoroga katika maji ya ukwaju, kama tulivyonyweshwa kila dawa chungu.

"Afadhali huu," akasema, akalamba kijiko.

Nilifanya hivyo siku tatu bila kukosa saa hata moja. Siku ya nne tulimzika. Majirani walinisifu kwamba sikumpunguzia hata kidonge kimoja.