Nilipokea Asante Isiyokuwa Yangu

Admin, naomba ufiche jina langu kabisa, kwa sababu wanawake wa soko la Rongo wanafuata hii page na wananijua. Nina miaka arobaini na mbili. Nauza nguo za watoto za mitumba, mume wangu anafanya kazi mbali, na Mungu alitupa mtoto mmoja tu, msichana. Nitamwita Akinyi. Yuko kidato cha tatu, anasoma shule ya bweni upande wa Homa Bay.

Mimi pesa hainipotei. Ni mweka hazina wa chama chetu cha kuweka akiba, huu mwaka wa tisa, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali. Kwa hivyo Akinyi alipoingia bweni, nilimfundisha bajeti hata kabla ya kumfundisha kupanga sanduku. Nilikuwa nikimpa elfu moja mia tano za muhula na karatasi. Aandike sabuni, pedi, dawa ya meno, mkate wa Jumapili, nauli ya kurudi, na kidogo ya dharura. Akifunga shule tunakaa mezani, nakagua alichopanga na alichotumia. Wenzangu sokoni walinicheka, wakasema mtoto nimemfanya karani. Mimi nilijiona mzazi mwerevu kuliko wao.

Mwaka jana karatasi yake ikaanza kunisumbua. Sabuni miche miwili. Pedi pakiti sita. Mkate hakuna, dharura hakuna.

"Akinyi, pakiti sita za nini na wewe ni mmoja?"

"Nilitumia, mama."

"Ulitumia aje? Unauza? Ama kuna kijana unampea pesa, halafu unaniandikia pedi?"

Aliangalia meza tu, na mimi nikachukua hilo kuwa jibu.

Muhula uliofuata sikumpa pesa. Nilinunua vitu mwenyewe, mche mmoja, pakiti tatu, nikaandika jina lake kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila kitu, nikampa nauli peke yake. Tukiwa stendi akaniambia, "Mama, ongeza tu pakiti moja, na usiniulize." Nikamwambia bajeti haina usiniulize. Nilisema hivyo nikicheka.

Muhula huu uliokwisha tuliitwa shuleni kuangalia matokeo ya watoto. Mwalimu wao wa darasa alipofika kwangu akasimama, akasema mbele ya wazazi wote, "Mama Akinyi, nataka nikushukuru. Vile mlisaidia yule rafiki ya Akinyi, sabuni, pedi, si wazazi wengi wanaweza. Ni vile tu huyo msichana hakurudi. Lakini mlijaribu."

Huyo rafiki nilimjua. Nitamwita Boke, msichana wa Kikuria kutoka karibu na mpaka, analelewa na nyanya yake. Karo ililipwa na basari, lakini basari hainunui sabuni. Siku za kutembelea watoto alikuwa akikaa na sisi, anakula polepole, na mimi nikimnong'oneza Akinyi kwamba huyu naye watu wake wako wapi.

Hapa ndipo ninapoona aibu hadi leo. Ningesema, mwalimu, mimi sikujua, na kile kidogo mtoto wangu alikuwa akitoa nilikikata mwenyewe. Badala yake nilitabasamu, nikasema, "Ni kawaida, mwalimu. Huyo ni mtoto wetu." Wazazi wakapiga makofi. Akinyi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

Tulipotoka nje alinieleza yote, tena bila kulia. Mkate wake na dharura yake ndivyo vilivyokuwa vikinunua vitu vya Boke. Nilipoanza kununua mwenyewe, walijaribu kugawana pakiti tatu, hazikufika mbali. Boke akawa anatumia vipande vya sweta kuukuu. Siku moja sketi ikachafuka darasani, wakamcheka wiki nzima. Akaanza kujificha bwenini, na shule ilipofungwa akabeba hadi godoro lake, akaenda nalo nyumbani. Sasa anaosha vyombo kwa hoteli moja ndogo kule Sori, pale wauza dagaa wa omena wanakula.

"Hata sabuni yangu alikuwa anaogopa kushika," Akinyi aliniambia, "kwa sababu ya jina."

Nimelia, jamani. Mwalimu alinipa namba ya nyanya yake Boke, nikampigia, nikamwambia nataka kumrudisha mtoto shule. Alinisikiza vizuri, kisha akasema, "Asante, mama. Lakini huyu sasa ndiye analeta unga. Akirudi shule, unga italetwa na nani?" Nikamuaga, nikakata simu. Nikamwambia Akinyi basi nitaenda Sori mwenyewe. Akasema, "Usiende, mama. Ukimpata utaanza kumuuliza anahitaji ngapi na ya nini."

Sasa ni likizo. Akinyi hanikosei heshima. Anapika, anateka maji, anaitika nikimwita. Jana nilimpa elfu tatu za muhula ujao, nikamwambia sitaki karatasi. Alizirudisha mezani. "Nunua tu vile ulikuwa unanunua," akasema, kisha akaenda kuosha vyombo.

Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Ninazo pesa za kumrudisha Boke, na hata unga wa nyanya yake wa muhula mmoja ninaweza, baada ya hapo sijui. Na huyo mwalimu bado anaamini mimi ni mtu mzuri. Nyinyi mliolea wasichana, niende Sori ama nimsikize mtoto wangu nikae? Nikienda, kusema ukweli, sijui kama nitakuwa nimeenda kwa ajili ya Boke ama ili Akinyi anitazame tena usoni. Nishaurini. Hata wale mtakaonitukana, nitawasoma wote.