Mambo Matano Yanayomfunga Ephantus Muiruri

Ubalozi umetamka, na ubalozi hautanii, kwamba anayeomba visa ya kwenda kutembea Ulaya lazima athibitishe kuwa ana mambo yanayomfunga nyumbani. Mambo hayo yawe ya kudumu, yawe kwenye maandishi, na ikiwezekana yawe na muhuri. Asiye nayo atahesabiwa kuwa mtu asiyekusudia kurudi. Aliye nayo, ubalozi una imani naye: atarudi, kwa kuwa ana pa kurudi.

Ephantus Muiruri, mkulima wa viazi wa Mau Narok, umri miaka hamsini na minne, alikuwa nayo matano. Hati ya shamba, ekari nne. Cheti cha ndoa. Barua ya kanisa, kwamba yeye ni mzee wa kanisa. Barua ya chifu, kwamba chifu anamjua. Na picha ya mbegu zake za viazi zikiwa kwenye rafu za stoo, picha ambayo hakuna aliyemwomba. Aliiweka mwenyewe, kwa kuwa katika yote matano aliona hiyo ndiyo yenye uzito.

Mbegu hizo alikuwa amezitandaza penye mwanga hafifu zichipue polepole. Baada ya wiki tatu zingekuwa tayari kuingia ardhini, na wiki tatu ndizo alizopewa. Natalie, binti wa marehemu dada yake, nesi huko Bremen, ndiye aliyemkatia tiketi ya kwenda na kurudi. Alisema mjomba aliyemlea hajawahi kupumzika, na ni kweli.

Kosa la Ephantus, kama ni kosa, ni kwamba alimtajia kila mtu tarehe ya kurudi. Watu wa Mau Narok si wajinga. Walijua hayo ni maneno ya ubalozi.

"Wiki tatu, mzee," walimwitikia, wakikonyezana. "Three weeks kabisa!"

Walimchinjia mbuzi. Mchungaji aliiombea safari ya kwenda, akaketi. Kipkemboi, jirani mwenye trekta, alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Usituangalie nyuma, mzee. Sisi huku tutakuwa sawa." Ephantus aliguswa sana. Mkewe, Nyakio, akamletea karatasi ya kumruhusu asimamie shamba mumewe akiwa hayupo. Aliisaini huku akimshukuru Mungu kwa mke mwenye mpango.

Ulaya aliiona vizuri. Alikalishwa kando ya mto, akaonyeshwa bata wanene ambao hakuna anayewala. Kwenye supermarket aliona viazi vilivyooshwa na kuvalishwa neti, akavibonyeza kimoja kimoja hadi mlinzi akasogea. Kila jioni alipiga simu kuuliza kama mbegu zimegeuzwa. Nyakio alimjibu asijisumbue na mambo ya huku.

Siku ya kuondoka, Natalie alimvuta kando ya foleni ya mizigo.

"Uncle, uko sure? Nilikuwa nishakuulizia kazi ya jikoni pale kwetu. Hata visa ikiisha, hakuna mtu anakuja kugonga mlango."

"Mbegu yangu imechipua," akasema Ephantus.

Natalie alimtazama jinsi manesi wanavyomtazama mgonjwa aliyekataa dawa. Alipovuka ukaguzi, Ephantus akampigia mkewe.

"Mama Wangechi, niko airport."

"Airport gani?"

"Ya huku. Nakuja nyumbani."

Kuku alisikika akiteta kwa mbali.

"Kuja ni kuja namna gani?"

"Kuja. Na ndege. Kesho."

"Wamekushika?"

"Nani anishike? Wiki tatu zimeisha. Si nilikuambia?"

"Uliniambia," akasema Nyakio, taratibu, kama mtu anayesoma barua kwa mara ya pili. "Lakini Baba Wangechi, si ungekawia kidogo? Hata mwaka?"

Ndani ya ndege alikaa karibu na Obura, mzee wa Nakuru, aliyestaafu kutoka reli.

"Wamekurudisha, boss?"

"Hapana. Likizo imeisha."

Obura alicheka hadi mhudumu akaja na maji. Kisha akaona jirani yake hacheki.

"Aii. Pole sana. Mimi ni magoti. Baridi ya kule inakula magoti. Kama si magoti, ungeniona hapa?"

"Na familia?"

"Familia ndiyo ilinisindikiza siku ya kutoka nyumbani. Waliimba."

Kwa saa nane Ephantus alitazama ramani kwenye skrini, kile kindege cheupe kikitambaa juu ya jangwa kuelekea mahali ambapo, sasa alianza kuelewa, alikuwa ameshaagwa. Alijaribu kukumbuka kama mchungaji alitaja kurudi hata kwa bahati mbaya. Alikumbuka mbuzi, maombi, na ile mikono miwili ya Kipkemboi. Kilichokosekana siku ile ni jeneza tu. Akajiambia kwamba, hata hivyo, mbegu zipo.

Walipotua, mkwe wa Obura alikuja na gari, wakampa Ephantus lifti. Kikopey, penye nyama choma za njiani, wenzake waliagiza nyama, naye akasema atakula kwake. Kutoka Nakuru akapata pikapu iliyokuwa inapanda Mau Narok.

Getini alisimama na sanduku lake. Ekari zote nne, kutoka uani hadi kwenye mikaratusi, zilikuwa zimelimwa na trekta. Ngano ilikuwa imeshatoka, kimo cha kidole, mistari imenyooka kuliko yoyote aliyowahi kuchora yeye.

Nyakio alitoka akijipangusa mikono kwa leso.

"Karibu," akasema. Hakuwa amewahi kumwambia karibu pale.

"Ni ngano ya nani?"

"Ya Kipkemboi. Nimemkodisha misimu minne. Sikufanya kwa ubaya. Wewe si ulisaini?"

"Nilisaini."

"Sasa watu wakiniuliza nitawaambia nini?"

"Waambie nimerudi."

"Nani atakubali hiyo? Watasema kuna kitu ulifanya huko." Alikaribia, akateremsha sauti, na ndani yake mlikuwa na huruma ya kweli. "Ulifanya nini, Baba Wangechi? Mimi niambie tu. Sitasema."

Ephantus hakuwa amefanya kitu. Alitafuta cha kukiri, akakosa.

Akawekwa sebuleni, kwenye kiti cha wageni. Akaletewa maji ya kunawa, kisha sahani ile yenye maua ambayo hutolewa mchungaji akija, na ndani yake mchuzi wa viazi.

"Viazi ulitoa wapi?"

"Kwa stoo. Vilikuwa vimeanza kuota, nikaona vitaharibika. Hivyo ndivyo vya mwisho."

Vilikuwa na uchungu kidogo, kama ilivyo mbegu iliyoanza kugeuka kijani. Kwenye faili la ubalozi, picha ya mbegu hiyo bado ni kiambatisho cha tano.